Kesi ilikuwa ya nani? Kijiji cha Arusha, gacaca, na cherehani ya mama yangu

#1 Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Nina jambo nimelibeba zaidi ya miaka ishirini na leo nataka kuliweka mezani.

Mwaka 2003 mama yangu aliibiwa cherehani. Alikuwa fundi nguo, amepanga chumba cha mbele barabarani, na ile Butterfly nyeusi ndiyo iliyotulisha na kutusomesha. Wezi walivunja kufuli usiku, wakabeba cherehani, vitambaa vya wateja, na daftari la vipimo lililokuwa kwenye mtoto wa meza. Daftari lile lilikuwa na vipimo vya nusu ya mtaa: kifua, kiuno, urefu wa mkono, na pembeni deni la kila mtu. Baada ya wiki mbili alikamatwa kijana wa mtaa wa pili. Mama alimjua. Ndiye aliyemshonea kaptula ya shule alipoanza darasa la kwanza.

Kesi ikaenda Mahakama ya Wilaya. Nilikuwa kidato cha pili, nikamsindikiza. Karani akaita, "Jamhuri dhidi ya," kisha jina la yule kijana. Mama akaninong'oneza, "Jamhuri ndiye nani? Si cherehani yangu?" Akaitwa yeye kama shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka. Akaapa. Akaulizwa tarehe, saa, kufuli la aina gani, nani wa kwanza kuona mlango uko wazi. Akajibu vizuri, bila kutetereka. Alipomaliza akageuka, akamtazama yule kijana kizimbani, akamuuliza, "Mwanangu, daftari langu umelipeleka wapi?"

Kijana akafumbua mdomo. Hakimu akagonga kalamu mezani: shahidi aongee na mahakama, asiongee na mshtakiwa. Mama akaomba radhi, akashuka. Swali lile halikuandikwa popote.

Kijana alifungwa miezi 18. Cherehani haikuonekana. Mama alilipa vitambaa vya watu kwa mwaka mzima, akishonea cherehani ya kuazima usiku mwenye nayo akiwa amelala. Hakuna aliyevunja sheria siku ile mahakamani, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa, halafu mama akatoka mle ndani kama mtu aliyepita njia akasikiliza kesi ya jirani.

#2 Mleta mada

Naendelea.

Miaka ikapita, nikaenda chuo kusoma ustawi wa jamii. Mwalimu wetu wa somo la uhalifu akatupa makala ya Nils Christie, mtafiti wa Norway aliyezaliwa 1928 na kufariki 2015. Ilianza kama mhadhara alioutoa Sheffield, Uingereza, mwaka 1976, ikachapishwa 1977. Wanaosomea mambo ya uhalifu na adhabu duniani karibu wote wameipitia. Nilipofungua ukurasa wa kwanza nikashtuka, kwa sababu inaanzia kwetu, kwenye kijiji kidogo mkoani Arusha.

Anaeleza nyumba kubwa kiasi katika kijiji kidogo sana, imejaa watu hadi hakuna pa kukanyaga. Watu wazima wa kijiji karibu wote wapo, na wengine wametoka vijiji vya jirani. Watu wanaongea haraka, wanacheka, wanatega sikio lisipite neno. Ni kesi. Mwanamume na mwanamke walikuwa wachumba, mwanamke amevunja uchumba, na mwanamume anataka alichokitoa kirudi. Dhahabu, fedha na hela taslimu havikuwa na tabu. Ugumu ulikuwa kwenye vitu vilivyokwisha kutumika vikachakaa, na gharama nyingine za hapa na pale za muda wote ule. Hivyo vinahesabiwaje?

Halafu anaonyesha nani alikaa wapi. Wale wachumba wawili walikuwa katikati ya chumba, wanaongea mara kwa mara na wanasikilizwa. Ndugu na marafiki walikuwa karibu yao, wanachangia, lakini hawakuwanyang'anya kesi yao. Wanakijiji waliobaki waliuliza maswali mafupi na kutoa taarifa. Mahakimu walikuwa watatu, makatibu wa chama wa eneo hilo, na walikaa kimya karibu muda wote, kwa sababu mambo ya kijiji wengine wote mle ndani waliyajua kuliko wao.

Kisha anazigeukia mahakama za kwao Skandinavia. Zimejengwa pembeni mwa maisha ya watu, ndani yake unapotea njia, na wenye ugomvi wamewekwa kando huku wanasheria wakiongea kwa niaba yao. Hoja yake ni kwamba ugomvi ni mali. Una thamani kwa walio nao na kwa jirani zao, kwa kuwa ndipo watu wanapokutana uso kwa uso, wanaulizana, wanakumbushana nini ni halali na nini siyo. Dola na wataalamu wameichukua mali hiyo. Aliyetendewa kosa amepoteza mara mbili: kwanza kwa mwizi, pili kwa mahakama.

Nilisoma pale maktaba, nikaona kalamu ya hakimu inagonga meza.

#3 Mchangiaji, Dodoma

Mkuu, pole sana kwa mama. Lakini hayo yalifika wapi kivitendo? Wasomi huandika, kabati zinajaa.

#4 Mleta mada

Yalifika mbali. Norway walianza jaribio la mabaraza ya usuluhishi mwaka 1981, na 1991 yakatungiwa sheria yake. Anayeshtakiwa na aliyetendewa wanakaa na msuluhishi ambaye ni raia wa kawaida, wanaongea wenyewe. New Zealand mwaka 1989 ilipitisha sheria ya watoto na vijana inayotaka familia iitwe kikaoni kijana anapokosa, na mizizi ya sheria hiyo iko kwenye mila za Wamaori. Siku hizi mambo haya yote yanaitwa haki rejeshi.

Utafiti nao umefanyika. Mwaka 2013 yalikusanywa matokeo ya majaribio 10 kutoka mabara matatu, yakiwahusu watuhumiwa na wafungwa wapatao 1,880. Majaribio hayo yalikuwa ya kweli, maana aliyepelekwa kikao cha ana kwa ana na ambaye hakupelekwa walichaguliwa kwa bahati nasibu. Wakosaji waliokutana na watu waliotendewa kosa walirudia makosa kidogo kuliko wenzao. Tofauti haikuwa kubwa, na sitaki mtu aitangaze kama muujiza. Ila upande wa waliotendewa ndio ulionigusa: waliokaa kikaoni waliridhika zaidi na jinsi shauri lao lilivyoshughulikiwa kuliko wale ambao kesi zao zilimalizwa na mahakama peke yake.

#5 Mchangiaji, Garissa

Pole ndugu yangu. Wacha nikwambie upande mwingine, maana nasoma hapa naona mnaisifu kesi ya kijijini kama asali.

Huku kwetu Kaskazini Mashariki ya Kenya tuna maslaha. Msichana anabakwa, wazee wa pande mbili wanakaa chini ya mti, mifugo inahesabiwa, baba anapokea, mambo yamekwisha. Msichana hayuko pale. Hata kuulizwa haulizwi. Kesho yake anapitana na yule mtu dukani. Mimi ni mwalimu, na wasichana hao wanakaa mbele yangu darasani. Nawajua kwa jinsi wanavyochagua kiti karibu na mlango.

Na haiishii kwa wazee. Mwaka 2013 Mahakama Kuu pale Nairobi iliruhusu kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili kukubaliana kwa mila, ngamia na mbuzi wakalipwa. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 159, inazitambua njia za jadi za kusuluhisha, kweli, lakini inaziwekea mpaka: zisivunje haki za msingi za mtu wala zisipingane na haki na maadili. Swali langu kwako ni hili. Aliyeuawa atakaa wapi katika hicho chumba chako cha Arusha?

#6 Mleta mada

Mwalimu, nimekusoma mara tatu kabla ya kujibu.

Sina jibu la marehemu. Hata mahakama yenye majoho haina, lakini mahakama angalau hailipwi ngamia.

Kuhusu wasichana, huku Tanzania tunaita kuyamaliza nyumbani. Tuna sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, ubakaji adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, na pamoja na ukali huo kesi zinakufa. Shahidi anapelekwa kwa shangazi mkoa mwingine, hati ya wito inarudi bila sahihi, na baba wa mtoto ameezeka bati jipya. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii, nimeyaona kwa macho yangu. Nimewahi kukaa na faili mkononi nje ya nyumba ambayo wiki iliyotangulia ilikuwa na mtoto wa miaka 13 na leo kila mtu ananiambia hakuna mtoto wa jina hilo.

Ndiyo maana naing'ang'ania ile sentensi ya ndugu na marafiki: walikuwa karibu, walichangia, hawakunyang'anya. Maslaha unayoieleza inanyang'anya. Wazee wa maslaha wamemfanyia msichana wako kile ambacho Jamhuri ilimfanyia mama yangu, na vibaya zaidi, kwa sababu mama angalau aliruhusiwa kuingia chumbani. Kwangu kipimo si kama shauri limeamuliwa chini ya mti au chini ya nembo ya taifa. Nauliza nani amekaa katikati, na kama angeweza kusema hapana akarudi nyumbani salama. Msichana wa miaka 13 hawezi kusema hapana mbele ya baba yake na wazee kumi. Basi shauri lake lisisogezwe karibu na mti. Lipelekwe mahakamani, na mahakama imwache aongee.

#7 Mchangiaji, Arusha

Nimefuatilia uzi tangu mwanzo. Mimi nimekulia hapa mjini Arusha wakati ile mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ipo kwenye jengo la mikutano la kimataifa. Umoja wa Mataifa uliiunda Novemba 1994, ikafungwa rasmi Desemba 2015. Ilishtaki watu 93, ikawatia hatiani 62. Hapahapa mjini, Septemba 1998, ndipo Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, alipokuwa mtu wa kwanza duniani kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, na ndipo ubakaji ulipotambuliwa kuwa njia mojawapo ya kuyatenda mauaji hayo. Lile halikuwa jambo dogo, na akina mama waliotoka Taba kuja kutoa ushahidi ndio waliolifanya litokee.

Ila mwenyewe niliwahi kuingia ukumbini nikiwa kijana. Kuna kioo kati yako na mahakama, unavaa vidude masikioni kusikia tafsiri, mashahidi wengi wamefichwa nyuma ya pazia. Nilitoka bila kujua nimesikia kilio cha nani. Kijiji kilikotokea jambo kilikuwa nchi nyingine.

Wenzetu Rwanda nyumbani magereza yalikuwa yamefurika, mahabusu zaidi ya laki moja. Wakaja na gacaca, mabaraza ya wananchi ya kuamua kesi za mauaji yale, sheria ya 2001, majaribio 2002, nchi nzima kuanzia 2005, hadi Juni 2012. Mabaraza karibu 12,000, mashauri zaidi ya milioni 1.9. Waamuzi waliitwa inyangamugayo, watu wanaochukia uovu, waliochaguliwa na majirani zao, hawalipwi mshahara. Hakuna wakili. Wanakaa kwenye nyasi au benchi, aliyeua anasimama mbele ya aliyefiwa. Mleta mada, hiyo si ndiyo Arusha ya Christie ikiwa nchi nzima?

#8 Mleta mada

Mkuu, asante kwa hili. Kwa nje inafanana sana, na kwa muda mrefu nami niliamini hivyo.

Kuna mambo gacaca ilifanya ambayo hakuna mahakama nyingine ingeyaweza. Watu walijua mahali mifupa ya ndugu zao ilipo. Aliyeua akasema, "Tulimtupa kwenye choo kile," watu wakaenda wakachimba, wakazika. Hebu fikiria mtu aliyekaa miaka kumi bila kaburi. Na waliokiri walipunguziwa kifungo, wengine sehemu ya adhabu ikawa kazi za kujenga nyumba na barabara, badala ya kuoza gerezani wakisubiri kesi ambayo kwa mwendo wa kawaida isingefika zamu yake hadi wafe.

Lakini hudhurio lilikuwa la lazima kisheria. Na makosa ya askari wa upande ulioshinda vita hayakuruhusiwa kuletwa pale, kwa hiyo kuna waliofiwa waliokaa kwenye nyasi zilezile kila wiki wakiwa na msiba usio na jina. Katikati ya chumba palikuwa na dola, hata kama haikukaa kwenye kiti.

Kisha kuna gharama ya kusema. Karen Brounéus, mtafiti wa Sweden, aliongea kwa kina na wanawake 16 waliotoa ushahidi kwenye gacaca, akachapisha 2008. Wengi walitishwa kabla ya kusema na baada ya kusema, wakaugua, wakarudi kuishi ukuta kwa ukuta na ndugu wa waliowataja. Mwaka 2010 akatoa matokeo ya Wanyarwanda 1,200: waliotoa ushahidi walikuwa na sonona na majeraha ya moyo zaidi ya wasiotoa. Mimi nilikuwa nimeamini, na nilishawaambia wateja wangu wengi, kwamba kusema kunaponya. Utafiti ule ulinifanya nianze kuuliza kwanza: ukishasema, usiku utalala wapi, na nani yuko chumba cha pili?

#9 Mchangiaji, Mwanza

Samahani mleta mada, mimi sikubaliani na msingi wenyewe. Mzungu amekuja siku moja, ameona watu wanacheka, ameandika, dunia imeshangilia. Hao mahakimu wake ni makatibu wa chama. Hiyo ni enzi ya chama kimoja. Na sisi huku Usukumani tunajua kesi za wananchi wenyewe zilivyo. Sungusungu, ulinzi wa wanakijiji wenyewe, walipoanza miaka ya 1980 tuliwashangilia, ng'ombe walioibwa wakarudi. Baadaye kamba zilitumika kwa vikongwe wenye macho mekundu, wakiitwa wachawi. Watu wakiwa wamejaa chumbani na wanacheka, mimi natafuta mlango.

#10 Mleta mada

Hoja yako nzito, na naikubali kwa sehemu kubwa. Miaka ile ya kati ya 1970 ndiyo ya Operesheni Vijiji, watu walihamishwa, na mahali pengine nyumba zao ziliteketezwa nyuma yao. Makala ilipochapishwa, 1977, ndio mwaka TANU na ASP vilipoungana kuwa CCM. Katibu wa chama alikuwa na uwezo wa kukufanya ukose mengi. Christie anasema walikaa kimya kwa kuwa hawakuyajua mambo ya kijiji. Inawezekana. Lakini mkubwa kukaa kimya hakumaanishi watu wamesahau kwamba yupo.

Ila msimdharau. Kazi yake ya kwanza ya utafiti ilihusu walinzi wa Kinorwe katika kambi za wafungwa kutoka Yugoslavia kule kaskazini mwa Norway, wakati wa vita vya pili vya dunia, ambako wafungwa walikufa kwa mamia. Baada ya vita aliwahoji walinzi waliofungwa kwa kuua na kutesa, na wale ambao hawakufanya hivyo. Alichokuta ni kwamba waliojizuia mara nyingi walikuwa wamemkaribia mfungwa hadi wakamwona kama mtu, wameonyeshwa picha ya mke wake na watoto. Mtu aliyeanza maisha ya usomi kwa kuwauliza raia wenzake kwa nini waliua si mtu wa kulewa kicheko cha kijijini. Alichokitafuta maisha yake yote ni umbali: mtu akiwa karibu kiasi gani ndipo unashindwa kumfanyia ukatili.

Na kikongwe mwenye macho mekundu alikuwa jirani. Waliomuua walimjua tangu utoto. Kwa hiyo ukaribu pekee hautoshi, na hapo Christie na mimi tunahitaji watu kama wewe.

#11 Mchangiaji, mtumishi wa mahakama mstaafu

Wanangu, nimekaa Mahakama ya Mwanzo kama karani miaka mingi. Mleta mada, kesi ya mama yako ingekuja kwetu angemuuliza yule kijana. Mahakama ya Mwanzo mlalamikaji na mshtakiwa wanaulizana maswali ana kwa ana, kwa Kiswahili, mbele ya hakimu na, enzi zangu, wazee wa baraza. Nimesikia mzee wa baraza akimwambia mshtakiwa, "Jibu swali la dada yako," na mshtakiwa akalia.

Na hata huko wilayani sheria haikumfunga mikono hakimu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu kuamuru fidia kwa aliyeumia, na kwa makosa madogo ya binafsi kama shambulio la kawaida inampa nafasi ya kuhimiza mapatano. Uwezo upo kwenye kitabu. Faili ni nyingi, jua linazama, na mwenye cherehani hajui kwamba anaweza kuomba.

#12 Mleta mada

Mzee wangu, shikamoo. Sikuyajua yote hayo, na mama hakuyajua. Laiti mtu mmoja angemnong'oneza pale kwenye benchi.

Namalizia na hili. Mwaka jana nilimtembelea mama. Macho hayamruhusu tena kupitisha uzi kwenye sindano, mjukuu ndiye anayempitishia. Nikamsomea ile sehemu ya kijiji cha Arusha, naitafsiri papo hapo: wachumba wawili katikati, ndugu pembeni, vitu vilivyochakaa vinavyogombewa. Alisikiliza ameshika kitambaa, hashoni. Nilipomaliza akauliza, "Ikaishaje? Yule binti alirudisha nini?"

Nikamwambia Christie hakuandika. Anasema waziwazi kwamba matokeo si muhimu kwa hoja yake, alichokitaka ni namna kikao kilivyoendeshwa. Mama akanitazama kama amenisikia vibaya.

"Watu wamekaa mchana kutwa wanagombea nguo, halafu yeye anaondoka hajui ikaishaje?"

Nikasema ndiyo.

Akarudi kwenye kitambaa. Baada ya muda akaniambia kwamba yule kijana sasa anaendesha bodaboda stendi ya chini, ana watoto watatu, na humsalimia vizuri sana. Nikamuuliza kama amewahi kumuuliza kuhusu daftari. Akasema bado. Wiki iliyopita amenipigia simu: kuna siku ya gulio, nije nimpeleke stendi, na nikifika nibaki kwenye gari.